Bomba Lililopita Mlangoni kwa Mama Mkwe

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye choo na wanaoazima cha jirani, kwamba maendeleo yamepita. Hayakusimama, lakini yamepita. Yamepita chini ya ardhi, ndani ya bomba la majisafi nene kama paja la mwanamieleka, na ndani ya bomba la majitaka ambalo ndama angeweza kulala humo akajinyoosha. Yametoka mjini mpaka Eneo la Viwanda, mahali ambapo hadi saa ya kutoa tangazo hili hapana kiwanda hata cha kuchonga vijiti vya meno. Kuna nyasi, kuna kibao kikubwa, na kuna mbuzi. Mbuzi hao sasa wanapata huduma bora ya maji kuliko binadamu yeyote wa mji huu, na tunawapa hongera zao. Aidha, inatangazwa kwamba mtu wa kushukuriwa kwa haya yote ni fundi bomba mmoja wa Idara ya Maji, ajulikanaye kama Koki. Umma unaombwa usimame kwa heshima, isipokuwa mama mkwe wake, ambaye anaruhusiwa kubaki amekaa kwa sababu miguu yake imechoka kwenda kule anakokwenda.

Tukishasimama, tumtazame vizuri huyo Koki.

Ni mtu wa wastani kwa kila kitu isipokuwa mikono na mdomo. Mikono yake ni ya kazi: mipana, migumu, inanukia gundi ya mabomba hata akivaa suti. Mdomo wake nao haukai bure, ila hakuna anayejua unafanya kazi gani. Jina la Koki alilipata ujanani kwa sababu alikuwa akitembea na koki ya shaba mfukoni, kama wengine wanavyotembea na leso. Ukimsalimia barabarani anaitoa, anaizungusha kidoleni, anaitazama kama saa, anairudisha. Ukimuuliza habari za nyumbani, atakujibu habari za Idara ya Maji. "Sisi wa Maji," ndivyo anavyoanza kila sentensi. Sisi wa Maji tumeamua. Sisi wa Maji hatulali. Na kweli hawalali, ila mabomba ya watu yamelala miaka.

Mke alimpata kwa njia ya nyigu. Alitumwa kwenye nyumba ya mwisho wa mtaa, kwa mjane mmoja mshonaji, ambako bomba la uani lilikauka siku nyingi mpaka nyigu wakajenga ndani ya mdomo wake. Fundi mwingine angefika getini, angepiga hodi kwa sauti ya chini, na angerudi ofisini kusema hakumkuta mwenye nyumba. Koki aliingiza kidole. Nyigu wakatoka na hasira zao zote, mmoja akamchoma mdomoni, palepale pa "sisi wa Maji". Mdomo ukavimba kama andazi. Binti wa yule mjane akacheka mpaka akakaa chini. Koki hakuondoka, alibadilisha mpira wa koki huku machozi yanamtoka, maji yakaanza kudondoka, na mjane akaacha cherehani yake akaja kusimama mlangoni.

"Huyu," alimwambia bintiye, "ameumwa kwa ajili ya bomba langu. Acha kucheka, mletee kiti."

Basi kiti kikawa posa, posa ikawa ndoa, na yule mjane akawa mama mkwe.

Mama mkwe mwenyewe ni mwanamke wa kitambaa. Nyumbani kwake hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, mtungi una kitambaa, cherehani ina kitambaa chenye ua pembeni, hata kitambaa kizuri kuliko vyote kimefunikwa na kitambaa cha kawaida kisishike vumbi. Maneno nayo huyafunika vivyo hivyo. Mbele ya mkwe wake hakuwahi kutaja tumbo. Akiharisha, "hajisikii vizuri", basi. Na Koki, ambaye shughuli yake yote ya siku ni majitaka ya watu, akivuka kizingiti cha nyumba ile anakuwa kama mtu asiyejua binadamu ana sehemu ya chini. Waliheshimiana hivyo miaka mingi, na heshima hiyo ndiyo ilikuwa mali kubwa kuliko zote aliyokuwa nayo Koki. Mtaani walimcheka, ofisini walimtuma soda, lakini kwa mama mkwe alikuwa mtu mzima.

Ndipo ukaja mradi.

Mkurugenzi wa Idara alibandika ramani ukutani, akachora mstari mwekundu kutoka mjini hadi kwenye nyasi, akageuka kwa wafanyakazi. "Wawekezaji," akasema, "hawaji penye watu. Wanakuja penye bomba. Sisi tutapeleka bomba, viwanda vitalifuata." Makofi. Koki hakuwa akipiga makofi. Alikuwa amesogea ukutani, pua karibu iguse karatasi. Mstari mwekundu ulipita mwisho wa mtaa, mbele ya nyumba ya mama mkwe, karibu kabisa na kizingiti.

Hakuuliza kitu. Mtu wa Maji amuulize nani habari za maji? Alitoka pale kichwa kimevimba kama ule mdomo wa siku ya nyigu, akamchukua mkewe, wakaenda moja kwa moja kwa mama.

"Mama," alianza, akiwa ameangalia redio iliyofunikwa, "kuna mabadiliko yanakuja. Upande wa nyuma."

"Upande wa nyuma wa nini, mwanangu?"

"Wa nyumba, mama. Ule upande wa... wa huduma."

"Huduma ipi tena?"

"Ile ambayo mtu... yaani, ikitokea kwamba mtu ametoka..."

"Ametoka kwenda wapi?"

Mkewe akashindwa kuvumilia. "Mama, anataka kukujengea choo cha kuvuta! Kwani kuna ugumu gani?"

Mama mkwe akatazama dari. Koki akatazama dari. Walikaa hivyo kwa muda, watu wazima wawili wanakagua mbao, mpaka aibu ikapoa. Kisha mama mkwe akasema polepole, "Cha kuvuta. Ndani ya nyumba yangu."

"Sisi wa Maji," akasema Koki, sauti imemrudi, "tunapitisha bomba kuu hapo mlangoni kwako. Wiki chache tu."

Sasa hapa ndipo alipofanya lile ambalo hakuna mtu yeyote duniani angelifanya isipokuwa mtumishi anayeiamini idara yake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na choo cha shimo, kimeinama kidogo kama mzee anayesikiliza, lakini kizima na cha kutegemewa. Koki alikipima, akaona ndipo mahali pazuri pa kujenga kile kipya, maana ardhi inateremka kuelekea barabarani. Akavunja mabati. Akamwaga kifusi shimoni, mkokoteni baada ya mkokoteni, akashindilia kwa miguu yake mwenyewe.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na nyumba ile na ambaye hakuna kinachopita mtaa ule bila yeye kukitolea maoni, alisimama na mashine mkononi, mteja wake amenyolewa upande mmoja.

"Koki! Bomba liko wapi?"

"Linakuja."

"Si ungengoja lifike ndipo umzike huyo marehemu?"

"Wewe nyoa, kaka. Mambo ya kitaalamu waachie wenyewe."

"Mimi nanyoa. Ila mimi sinyoi mtu halafu ndiyo naenda kutafuta kichwa."

Sinki la choo lilipatikana, jeupe, linang'aa. Koki alilibeba begani tangu kituo cha basi, mtaa mzima umetoka nje, na akalipitisha njia ndefu kwa makusudi. Alilijengea chumba, akaweka vigae, akafunga tangi juu na mnyororo wa kuvutia wenye kishikio cha mbao. Alichelea kulijaribu kwa sababu maji yangeenda wapi? Lakini lilikuwa zuri. Mama mkwe alilitazama kutoka mlangoni, hakuingia. Kesho yake lilikuwa limefunikwa na kitambaa cheupe chenye maua ya buluu pembeni, ameshona usiku uleule.

Wiki chache zikapita, zikafuatwa na nyingine.

Bomba lilikuja, tusilisingizie. Ilikuja mashine ya kuchimba, likaja vumbi, ikaja mbao ya kuvukia mtaro mbele ya geti la mama mkwe. Koki mwenyewe alikuwa chini mtaroni siku walipofika pale, na mama mkwe alimletea maji ya kunywa kwenye trei, glasi imefunikwa. Alipomaliza kunywa, Koki aliwapigia wenzake mluzi wamrushie kiungo cha njia tatu, kile kinachoingiza bomba la nyumba kwenye bomba kuu. Injinia, kijana mpole mwenye buti safi, akainama juu ya mtaro.

"Hicho cha nini, fundi?"

"Cha nyumba hii."

"Nyumba haziingii humu. Hili ni la viwanda. Tukiruhusu nyumba, viwanda vikija vitakuta limejaa."

"Viwanda vipi?"

"Vitakavyokuja."

Koki akachungulia ndani ya bomba. Lilikuwa tupu, safi, giza zuri lisilo na mwisho. Ukisema neno linakurudia.

"Na majisafi?"

"Hayo pia. Pole, fundi. Si mimi, ndivyo mradi ulivyo."

Pale ndipo palipokuwa pake pa kupanda kutoka mtaroni, kuvua kofia ngumu, na kusema: mama, nimekosea, nimeziba shimo lako kwa mdomo wangu, nipe siku mbili nikuchimbie lingine. Injinia asingemzuia. Kinyozi angecheka mwezi mmoja, halafu angepata kingine cha kucheka. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na trei yake, anatabasamu.

"Tayari, mwanangu?"

"Bado kidogo, mama."

Na "bado kidogo" ikawa ndiyo nyumba aliyohamia Koki. Alilala humo, akaamka humo.

Mama mkwe naye alikuwa na yake. Mwanzoni alijisitiri kwa jirani wa upande wa pili, mpaka jirani akaanza kufunga mlango na kusahau ufunguo. Ndipo akapata mapenzi makubwa na wajukuu. Nyumba ya Koki ni ile ya wafanyakazi wa Idara, mwendo wa kupita mitaa miwili na soko dogo, na ina choo. Bibi akawa anakuja asubuhi kuwaona wajukuu. Anakuja mchana kuwaona wajukuu. Anakuja wakati wajukuu wako shule, anauliza wajukuu wako wapi, anaambiwa wako shule, anasema basi nitapumzika kidogo, na anaingia ndani.

Koki, siku za mapumziko, akiona tu ile kanga imekunja kona ya soko, hukumbuka kitu dukani. Hujawahi kuona mtu anayesahau kiberiti kama yule. Alitoka kwa mlango wa nyuma ili mama mkwe aingie kwa wa mbele bila mtu kumwangalia mtu usoni. Alizunguka duka, akasoma vibandiko vyote vya ukutani, akarudi na kiberiti. Kabati lilijaa viberiti.

"Sasa hivi vyote ni vya nini?" aliuliza mkewe siku moja.

"Vya akiba."

"Unapanga kuchoma mji?" Akafunga kabati. "Mwambie mama ukweli."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hilo bomba halimhusu."

"Nitamwambiaje? Nitaanzia wapi? Hata lile neno siwezi kulitamka mbele yake."

"Kulibeba begani mtaa mzima uliweza."

Koki akatoa koki yake mfukoni, akaitazama, akairudisha bila kuizungusha.

Hali ilikuwa hivyo pale Mkurugenzi alipompata mwekezaji. Alikuwa mwanamke mwenye kampuni ya sabuni, mkavu wa maneno, na alituma habari mapema kwamba hataki ngoma wala hotuba. Kulikuwa na mji mmoja, alisema, walikomwonyesha bomba linalotoa maji safi kabisa. Akazunguka nyuma ya ukuta, akakuta jamaa kashika ndoo. Safari hii alitaka kuona nyumba ya mtu, inayotumia bomba lenyewe, mbele ya macho yake. La sivyo sabuni yake ataipeleka kwingine.

Mkurugenzi alimwita Koki ofisini. Meza ilikuwa na kioo juu, na chini ya kioo picha za Mkurugenzi akikata tepe mbalimbali.

"Koki, nasikia kuna bibi mmoja pale njiani ana choo cha kisasa."

"Ni mama mkwe wangu, mkuu."

"Hongera sana. Utamuunga."

Koki alisimama wima. Aliona kitambaa kikiondolewa, aliona mnyororo ukivutwa, alijiona mwenyewe akikaa nyumbani siku ya mapumziko bila kwenda kununua kiberiti. "Kesho asubuhi niko pale, mkuu! Sisi wa Maji..."

"Mgeni akishaondoka unaziba."

"Naziba?"

"Kwa saruji, kabla jua halijazama. Injinia anasema tukimwacha mmoja, kesho mtaa mzima utakuja na masinki begani. Kuna tatizo?"

Tungependa kuandika hapa kwamba Koki aligonga meza. Hakugonga. Meza yenyewe ilikuwa na kioo. Tungependa kuandika kwamba alikubali shingo upande, au angalau alikohoa kwa namna ya kukataa. Alisema, "Sawa, mkuu," na alipotoka alifunga mlango taratibu usije ukapiga kelele.

Mama mkwe alikuwa anashona alipofika. Alimsikiliza mpaka mwisho, mguu umesimama juu ya pedali ya cherehani. Koki alieleza habari za wageni, za heshima kubwa, za kampuni ya sabuni, na alieleza vizuri sana, ila hakugusa neno saruji. Alipomaliza, mama mkwe aliviringisha uzi kidoleni.

"Ni la moja kwa moja, mkwe wangu, au la maonyesho?"

Koki akageukia redio iliyofunikwa. "Mama, mimi nitakudanganya?"

"Hapana," akasema mama mkwe, na akaanza tena kukanyaga pedali. "Wewe uliumwa na nyigu."

Aliunga kwa siku mbili, kazi safi ambayo hajawahi kufanya maishani. Kila kiungo alikipangusa. Alikuwa anajenga kitu na anajua saa ya kukibomoa, na bado alikisawazisha kwa pimamaji, maana mikono yake haikujua kilichokuwa moyoni mwake.

Siku ya mgeni, mama mkwe alivaa gauni jipya la rangi ya maziwa, la kushona mwenyewe. Alitoa sharti moja tu: mnyororo atauvuta yeye, mlango ukiwa umefungwa, na mtu yeyote asisimame karibu ila mkwe wake. Kwa hiyo Koki aliwekwa nje ya mlango wa chooni akiwa na redio ya mkononi, huku barabarani wakuu wote wamezunguka chemba ya majitaka iliyofunuliwa, wameinama kama watu walioangusha pete. Injinia alikuwa amemimina rangi ya buluu ndani ya tangi ili maji yaonekane vizuri yakipita.

Redio ikakoroma. "Tekeleza," ikasema sauti ya Mkurugenzi.

Koki akainua mkono. Tangu aoe hakuwahi kugonga mlango wa namna ile ambao nyuma yake yuko mama mkwe. Aligonga kwa kucha.

"Mama. Wanasema sasa."

Mnyororo ukalia. Kimya. Ulikuwa umekwama.

"Mbona hatuoni kitu?" ikauliza redio.

"Mama, vuta tena. Kwa nguvu."

"Navuta, mwanangu!" ikaja sauti kutoka ndani, na ikasikika redioni, na redio zote za Idara zikaipokea, na mtaa mzima ukaisikia. Kwa mbali Koki alimsikia kinyozi akiwaambia wateja wake, "Nyamazeni, nyamazeni, bibi anavuta!"

Kisha maji yakashuka. Yalinguruma, yakapita chini ya miguu ya Koki, yakapita chini ya geti, na barabarani ikaja ile sauti ya watu waungwana wakishangaa. Buluu! Imefika! Wakapiga makofi. Mkurugenzi alimkumbatia Injinia. Kinyozi alitoka nje na taulo begani.

"Jamani, mimi nakwenda kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi!"

Mwekezaji hakupiga makofi. Alisema anataka kumwona mwenye nyumba. Mama mkwe akatoka, gauni halina kunjo, akapewa kipaza sauti ambacho alikishika kwa ncha za vidole kama sahani ya moto.

"Mimi sijui kuongea," alisema. "Mkwe wangu aliniahidi. Watu walimcheka, hapa hapa mtaani. Mimi nilinyamaza, nikasubiri. Wengine wana wakwe wa maneno. Wa kwangu huyu hapa, mwangalieni. Sikuwahi kumtilia shaka."

Watu wote wakamwangalia Koki, aliyekuwa amemfuata hadi barabarani. Koki aliomba ardhi ipasuke, na ardhi ilikuwa imeshapasuliwa pale mbele yake, duara nzuri yenye ngazi ya chuma, ila imezungukwa na wakuu. Hata kinyozi hakuwa anacheka. Alikuwa amevua kofia.

Magari yalipoondoka, Koki alibaki na mfuko wa saruji. Alikoroga karibu na ukuta, kidogo kidogo, akitumaini kuna kitu kitatokea: mvua, simu, tetemeko dogo tu la kistaarabu. Hakuna kilichotokea. Alifungua kichemba cha uani, akapiga magoti, na akawa anasukuma donge la kwanza ndani ya mdomo wa bomba alipoona pindo la gauni la rangi ya maziwa.

"Unaimarisha?" akauliza mama mkwe.

Koki hakuinua uso. Donge lilikuwa mkononi, zito, linateleza. Alifungua mdomo, na ule mdomo uliokuwa na neno kwa kila bomba la mji mzima haukutoa kitu.

Mama mkwe alitazama saruji. Alitazama bomba. Alikuwa mshonaji, mshono unaofungwa na mshono unaofunguliwa alikuwa hajawahi kuichanganya. Aliingia ndani. Koki alisikia kabati likifunguliwa, na hatua zake zikienda hadi kwenye kile chumba kipya, na kimya cha mtu anayetandaza kitu na kukinyoosha pembe zake. Kisha alirudi mlangoni.

"Wasalimie wajukuu," alisema kwa upole kabisa. "Kesho nitakuja kuwaona."

Koki alimaliza kazi. Alilainisha saruji kwa mwiko. Alivyolainisha, hata ukaguzi mkali usingepata kosa.

Hakwenda kumchimbia shimo jipya, ikiwa mnauliza. Alikusudia. Alifika hadi getini na sururu, akamwona mama mkwe dirishani ameinamia cherehani, akageuka. Kuchimba lile shimo ilikuwa ni kusema lile neno lote kwa sauti, mchana, mtaa ukisikiliza, na alikuwa bado hajapata mdomo wa kazi hiyo.

Mwekezaji wa sabuni alikubali. Siku ya kuweka jiwe la msingi walijenga jukwaa kwenye zile nyasi, wakafukuza mbuzi, wakaleta watoto wa shule na bendera za karatasi. Koki aliitwa mbele. Mkurugenzi alimvika kofia ngumu iliyopakwa rangi ya dhahabu, ambayo ilikuwa haijakauka vizuri ikamwachia alama kwenye paji la uso, na akamsifu kwa maneno marefu: mtumishi, mzalendo, mtu aliyeanza maendeleo nyumbani kwake mwenyewe.

Koki alisimama pale juu, na kutoka pale juu barabara yote ilionekana. Wajukuu walikuwa mstari wa mbele, wote, wanapeperusha bendera. Na kule nyuma yao, mwisho wa mtaa, geti moja likafunguka. Akatoka mwanamke mwenye kanga, mkoba mdogo mkononi, akavuka mbao ya mtaroni ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Akashika njia ya sokoni, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache kupumzisha miguu. Anakwenda kuwaona wajukuu.

"Na sasa, ndugu zangu," Mkurugenzi alikuwa akisema, "tumsikie shujaa wetu mwenyewe." Akamsogezea kipaza sauti. Mwekezaji aligeuza kiti chake asikie vizuri. Kinyozi, aliyefunga kibanda siku hiyo aje kupata soda ya bure, aliacha kunywa. "Waambie wageni, Koki, bila kuona haya. Mradi huu mkubwa umeifanyia nini familia yako?"

Koki alishika kipaza sauti kwa ile mikono yake mipana. Hakusema "sisi wa Maji".

"Mama mkwe hana choo," akasema.